TSH, T4 na Vitamini D: Namna ya Kuisoma Karatasi ya Maabara

Majibu ya damu siku hizi hufika nyumbani kabla mgonjwa hajarudi kwa daktari. Maabara huyatuma kwa simu, na haipiti saa moja kabla picha ya karatasi haijazunguka: kwa dada aliyeko Likoni, kwa binamu muuguzi aliyeko Muscat, kwa muuza dawa wa mtaani. Kila mmoja anaiona herufi H au L iliyochapishwa kando ya tarakimu, na kila mmoja ana lake la kusema.

"Shangazi, hii yako iko juu, anza dawa," anaandika mmoja.

"Hapana, hiyo ni uchovu tu, nunua vitamini," anaandika mwingine.

Vipimo vya tezi ya thairoidi na vya vitamini ni miongoni mwa vinavyoleta mkanganyiko mkubwa, na hasara yake si ndogo. Anayevisoma vibaya anaweza kuanza tembe za kila siku ambazo hakuzihitaji. Aliyezihitaji naye anaweza kuziacha kwa sababu "majibu yametoka mazuri", asijue kwamba yametoka mazuri kwa nguvu ya tembe hizo hizo. Mwingine huandikiwa dozi kubwa ya vitamini D ya mara moja kwa wiki, akaimeza kila siku. Tarakimu moja, ikisomwa peke yake, haitoshi kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa wala kwamba ni mzima. Inahitaji tarakimu nyingine ya kuiambatanisha nayo, kizio chake cha kipimo, hali ya aliyepimwa, na habari ya vyote alivyomeza wiki hiyo.

Msimamizi na makuli

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, joto la mwili liwe kiasi gani. Homoni yake kuu ni T4. Mwili huigeuza sehemu ya T4 kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi ndani ya seli. Lakini tezi hii haijiamulii mambo. Inaamrishwa na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, kwa homoni iitwayo TSH.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa TSH huenda kinyume. Aliyewahi kutazama mizigo ikishushwa kutoka majahazini katika Bandari ya Kale ataelewa upesi. TSH ni sauti ya msimamizi. T4 ni magunia yaliyofika ghalani. Makuli wakizembea, msimamizi hupaza sauti. Magunia yakizidi, hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, mara nyingi tezi imezembea; TSH ikiwa chini, mara nyingi tezi inafanya kazi kupita kiasi. Aliyeona H kando ya TSH akadhani ana "thairoidi nyingi" ameishika karatasi kichwa chini.

Ndiyo maana TSH husomwa pamoja na T4, hasa ile T4 iliyo huru katika damu, ambayo maabara huiandika FT4. TSH ikiwa juu na FT4 ikiwa chini, tezi imeshindwa kazi. Mgonjwa huyu huchoka, huongezeka uzito, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, hedhi huwa nzito, na wapo wanaojifunika shuka usiku wa Machi wakati kila mtu Mombasa anatafuta feni. TSH ikiwa chini kabisa na FT4 ikiwa juu, mambo ni kinyume: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda huku anakula, hutoka jasho, na wengine macho hutokeza.

Kuna hali ya tatu ambayo haipigiwi kelele, nayo inastahili kujulikana. FT4 iko chini, lakini TSH iko chini pia au imesomeka kawaida tu. Magunia hayafiki ghalani na msimamizi amenyamaza. Basi msimamizi mwenyewe ndiye mgonjwa. Hali hii yaweza kumpata mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakataa kutoka na hedhi isirudi, kwa sababu pituitari iliumia kwa kukosa damu. Akipimwa TSH peke yake ataambiwa yuko sawa. Mama mwenye historia hiyo na aiseme bila kungoja kuulizwa, hata kama uzazi wenyewe ulikuwa miaka kumi iliyopita.

Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida kuanza na TSH pekee ni utaratibu unaokubalika, na huokoa pesa. Ikitoka nje ya kiwango, ndipo FT4 huongezwa. Hakuna haja ya kulipia orodha nzima ya vipimo siku ya kwanza.

Mmoja katika ishirini

Kando ya kila jibu maabara huchapisha viwango vya kawaida. Kwa TSH ya mtu mzima maabara nyingi hutumia kama 0.4 hadi 4.0. Viwango hivi hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye afya kati ya ishirini ataangukia nje ya mstari bila ugonjwa wowote. Anayenunua kifurushi cha vipimo 20 vya "mwili mzima" ana uwezekano wa zaidi ya nusu kurudi na angalau herufi moja ya H au L hata kama ni mzima wa afya. Vifurushi hivyo hutangazwa sana. Jambo hili halitangazwi.

Jambo la pili ni vizio. TSH haina taabu, kwa sababu vizio viwili vinavyotumika sana hutoa tarakimu ile ile. FT4 ni tofauti: maabara moja huandika kwa nanogramu katika desilita, nyingine kwa pikomoli katika lita, na 1.2 ya kwanza ni kama 15 ya pili. Vitamini D ndiyo iliyowatia hofu wengi. Mtu aliyepimwa mwaka jana akapata 55, na mwaka huu katika maabara nyingine akapata 22, anaweza kuamini kwamba amepoteza zaidi ya nusu ya vitamini yake. Akiangalia vizio ataona kwamba 55 ilikuwa ya nanomoli katika lita na 22 ni ya nanogramu katika mililita. Nanogramu moja ni nanomoli 2.5. Zidisha 22 kwa 2.5, unapata 55. Hakuna kilichobadilika ila maabara.

TSH iliyopanda kidogo

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 38 wa Kibokoni, anayelalamika uchovu. TSH yake ni 6.2 na FT4 iko katikati ya kiwango. Karatasi ina H moja. Je, aanze dawa?

Mara nyingi jibu ni kusubiri na kupima tena baada ya miezi miwili au mitatu. TSH hupanda na kushuka. Iko juu zaidi usiku na alfajiri kuliko alasiri, hupanda mtu anapoanza kupata nafuu baada ya ugonjwa mzito, na wengi waliokuwa na TSH iliyopanda kidogo hurudi katika kiwango wenyewe. Kipimo cha pili kikichukuliwa saa zile zile za siku, na katika maabara ile ile, ulinganisho huwa wa haki. TSH ikibaki juu, na hasa ikipita 10, daktari huwa na sababu ya kuanza tiba. Anaweza pia kuagiza kipimo cha kingamwili zinazoshambulia tezi, kwa sababu chanzo kikubwa cha tezi kuzembea mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha ni ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huigeukia tezi yake yenyewe.

Kwa wazee subira hiyo ina uzito zaidi. TSH huelekea kupanda kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2017 utafiti wa Ulaya uliohusisha watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao TSH yao ilikuwa juu kidogo huku T4 ikiwa sawa, uligundua kwamba waliopewa homoni hawakupata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa tembe tupu. Bibi wa miaka 78 mwenye TSH ya 6 hahitaji kuharakishiwa dawa ambayo ikizidi inaweza kumletea mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Wajawazito ni habari nyingine kabisa. Homoni ya ujauzito hushusha TSH katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo viwango vilivyochapishwa kwa ajili ya watu wote haviwahusu moja kwa moja. Mwanamke ambaye tayari anameza homoni ya thairoidi na akajua ameshika mimba na afike kliniki mapema, asingoje mwezi wa nne, kwa sababu mahitaji yake huongezeka upesi na ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi hiyo ya mwanzo. Mama aliyejifungua, ambaye ndani ya mwaka wa kwanza moyo unamwenda mbio kisha baada ya miezi michache anachoka hata kunyanyua ndoo, pia anastahili kipimo cha TSH. Wengi huambiwa ni uchovu wa kunyonyesha tu.

Kisha kuna jambo ambalo damu haiwezi kulijibu. Uvimbe shingoni unaweza kuwapo huku TSH na T4 zikiwa sawa kabisa. Rovu, kama wazee wanavyoliita, au kinundu kinachokua, sauti inayokwaruza kwa wiki kadhaa, au shida ya kumeza, huhitaji kushikwa shingo na pengine kupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Karatasi nzuri ya maabara isimrudishe mtu huyo nyumbani.

Vitamini ya nywele inayopotosha kipimo

Yule mwanamke wa Kibokoni, kama wengi waliochoka, huenda alipita dukani kabla ya kwenda maabara na kununua tembe za nywele, ngozi na kucha. Nyingi ya tembe hizo zina biotini, ambayo ni aina ya vitamini B. Mwili huhitaji biotini ya mikrogramu 30 hivi kwa siku, na chakula cha kawaida huitoa. Tembe za urembo huwa na 5,000 au 10,000.

Biotini hiyo haimdhuru sana anayeimeza, ila huivuruga mashine. Vipimo vingi vya homoni hutumia biotini kama gundi ya kunasa kile kinachopimwa. Damu ikiwa imejaa biotini, gundi hunasa kisicho chake. Katika mashine za aina hiyo TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 husomeka juu, yaani picha kamili ya tezi inayokwenda kasi kupita kiasi, kwa mtu asiye na ugonjwa huo. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu biotini na vipimo vya maabara, kikiwemo kile cha kutambua mshtuko wa moyo.

Hatari iko pande mbili. Mzima anaweza kupewa dawa za kuitiisha tezi. Na mgonjwa ambaye TSH yake halisi ni 9 anaweza kusomeka 3, akaambiwa aendelee na maisha. Kwa tembe za urembo za kawaida, kuziacha angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu hutosha. Wanaotumia dozi kubwa zaidi kwa agizo la daktari huhitaji muda mrefu zaidi. Wengi wetu hatuhesabu vitamini kuwa dawa, na anayetoa damu akiulizwa kama anatumia dawa yoyote hujibu hapana kwa moyo safi. Basi na aulizwe jina la kila kopo lililo kabatini, au alibebe kopo lenyewe.

Jua la Mji wa Kale

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua linalotosha kutengeneza vitamini D katika ngozi linapatikana mwaka mzima, na mgeni angedhani hakuna mkaazi wa kisiwa anayeweza kuikosa. Lakini jua la angani na jua linalofika kwenye ngozi ni vitu viwili. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa vyembamba, kati ya nyumba ndefu, makusudi ili kuwe na kivuli. Nje watu husitiri mwili, na wanawake wengi huvaa buibui. Ngozi nyeusi hujikinga na jua vizuri, na kwa sababu hiyo huhitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kile kile cha vitamini. Mwenye kufanya kazi ofisini, anayelala mchana baada ya zamu ya usiku bandarini, na mtoto anayetoka darasani kuingia chuoni wote wako katika hesabu hiyo. Kioo cha dirisha nacho huzuia miale inayohitajika, kwa hiyo jua la ndani ya gari halihesabiki.

Saa pia ni muhimu. Matembezi ya jioni pale Mama Ngina ni mazuri kwa moyo, na muhogo wa kukaanga hauna mpinzani, lakini jua likishainama miale ya vitamini D huwa michache mno. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mtu mwenyewe, jua linafanya kazi. Kwa hapa ni kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nyumba za Mji wa Kale zina ua wa ndani na sakafu ya juu ya kuanikia nguo, ambako mwanamke anaweza kukaa na mikono na miguu wazi bila kuonekana na mpita njia. Dakika chache mara kadhaa kwa wiki hufaa kuliko saa nzima siku moja, na hakuna faida ya kungoja ngozi iungue. Samaki wenye mafuta kama vibua, jodari na sardini huongeza kiasi, na kiini cha yai pia, ingawa chakula peke yake ni nadra kutosha.

Kuhusu tarakimu, wataalamu wengi wanakubaliana kwamba chini ya nanogramu 12 katika mililita mifupa iko hatarini, na kwamba 20 huwatosha watu wengi. Baadhi ya maabara huchapisha 30 kuwa mwanzo wa kawaida, na hapo mwenye 24 hupata herufi L na wasiwasi. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilitoa mwongozo unaoshauri kwamba watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi. Kipimo chenyewe si cha bei rahisi. Kinafaa zaidi kwa mwenye maumivu ya mifupa, udhaifu wa misuli ya mapaja, ugonjwa wa figo au ini, au anayetumia dawa za kifafa.

Mtoto mchanga ndiye anayehitaji jicho la karibu. Maziwa ya mama ni bora kwa kila hali, ila yana vitamini D kidogo, na mtoto anayewekwa ndani siku arobaini kisha akatolewa akiwa amefunikwa hupata jua dogo. Miguu inayopinda mtoto anapoanza kusimama, vifundo vya mkono vilivyotuna, meno yanayochelewa, na kuchelewa kutembea, ni dalili za kupelekwa kliniki upesi. Matege ya ukosefu wa vitamini D hutibika yakiwahiwa.

Dozi ni jambo la kuulizwa mara mbili. Tembe ya vizio 50,000 huandikwa mara moja kwa wiki kwa wiki chache. Vitamini D haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Hujikusanya katika mafuta ya mwili. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda katika damu, na mtu hupata kichefuchefu, kiu, kukojoa sana, hata kuumia figo.

Ganzi ya miguu si sukari peke yake

Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Kwa hiyo jamii zisizokula nyama wala samaki, wakiwemo Wajaini wa kisiwani ambao hekalu lao liko Barabara ya Langoni, hutegemea maziwa au tembe, na mzee asiyeweza tena maziwa hubaki na tembe. Kundi la pili ni kubwa zaidi: wagonjwa wa kisukari wanaotumia metfomini kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, basi upungufu huja polepole. Miguu hufa ganzi na kuchomachoma, na kila mtu husema ni sukari. Huenda ni sukari. Huenda ni B12, nayo hurekebishika.

Kiwango cha chini ya pikogramu 200 katika mililita huhesabiwa kuwa upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka ambapo dalili huamua. Hapa pia kuna vizio viwili: pikogramu 300 ni sawa na kama pikomoli 221 katika lita. Asidi ya foliki ikimezwa peke yake inaweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na ndiyo sababu mtu asijitibu uchovu kwa tembe ya foliki bila kupimwa. Wagonjwa wa Hashimoto wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata ugonjwa wa tumbo unaozuia B12 kufyonzwa, kwa hiyo mwenye tezi iliyotibiwa vizuri lakini bado amechoka anaweza kuuliza kuhusu kipimo hiki. Na kabla ya yote, hemoglobini. Upungufu wa damu wa kawaida bado ni chanzo cha mbele cha uchovu kwa wanawake, na kipimo chake ni rahisi.

Chumvi na muhogo

Tezi hutengeneza homoni kwa iodini. Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Kenya, ambako mvua imeosha iodini ardhini. Tangu mwaka 1978 sheria inataka chumvi ya mezani iwekewe iodini, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huvunwa jirani hapa, Magarini katika Kaunti ya Kilifi. Chumvi ya mawe isiyo na lebo huenda haikuwekewa. Unyevu wa pwani hupunguza iodini, kwa hiyo chumvi ikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko.

Muhogo umesingiziwa kidogo. Ni kweli kwamba katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti akiwemo Mbelgiji François Delange walionyesha kwamba muhogo uliongeza rovu. Lakini hiyo ilikuwa jamii iliyokosa iodini kwa kiasi kikubwa na kuutegemea muhogo karibu kila siku. Mwenye kutumia chumvi yenye iodini anaweza kula muhogo wake wa nazi bila hofu. Wa kuangalia zaidi ni anayenunua tembe za mwani akidhani zitaitibu tezi. Iodini nyingi kupita kiasi huiharibu pia.

Tembe moja, maji matupu

Aliyeandikiwa levothairoksini huimeza kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kahawa tungu na chai ya maziwa huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Kalsiamu na tembe za madini ya chuma huizuia zaidi, na zinahitaji kutenganishwa nayo kwa saa nne. Hili linawahusu hasa wajawazito, ambao kliniki huwapa madini ya chuma na asidi ya foliki: homoni alfajiri, chuma mchana au usiku. Dawa ipimwe kwa mikrogramu, si miligramu, na isiwekwe jikoni wala bafuni, kwa kuwa joto na unyevu huiharibu.

Ramadhani huleta swali kila mwaka. Njia mbili hufaa. Ya kwanza ni kuamka nusu saa kabla ya daku, kumeza tembe kwa maji, kisha kula. Ya pili ni kuimeza wakati wa kulala, ikiwa saa tatu zimepita tangu chakula cha mwisho, jambo linalomfaa asiyekula tena baada ya tarawehe. Kuimeza kwa maji ya kufuturu na kusubiri nusu saa pia kunawezekana, kwa mwenye subira ya kutazama viazi karai na kaimati zikipoa. Jambo kubwa ni kuchagua njia moja na kukaa nayo mwezi mzima. TSH ikipanda kidogo baada ya Ramadhani, daktari aambiwe tembe ilikuwa ikimezwa saa ngapi kabla ya kuongeza dozi.

Baada ya dozi kubadilishwa, TSH hupimwa tena kwa wiki sita hadi nane, kwa kuwa pituitari huchelewa kutulia. Kipimo cha wiki ya pili ni pesa iliyopotea. Siku ya kipimo, mgonjwa abebe karatasi zote za zamani, hata zilizokunjamana, pamoja na makopo ya dawa na vitamini, na tarehe ya hedhi yake ya mwisho kama ni mwanamke. Asiye na hakika aanze kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake au zahanati iliyo karibu, ambako afisa wa kliniki ataisoma karatasi pamoja naye na kuamua kama kuna haja ya kupelekwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Makadara.